Niliacha unesi nikawa kocha wa afya. Mnaotaka kuingia karibuni, na wa kunisema pia karibuni

Nesi wa Zamani:

Heshima kwenu wanajamvi.

Kila wiki inboksi yangu haikosi mtu: "Dada, nataka kuwa kocha wa afya, naanzia wapi?" Kujibu mmoja mmoja kumenishinda, nimeamua nimwage yote hapa. Niko Dar. Nilikuwa muuguzi miaka tisa, na huu ni mwaka wa sita nakula kwa ukocha peke yake. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke.

Jina lenyewe tu lina kazi. Mwambie mtu wa Kariakoo wewe ni kocha, swali linalofuata ni Simba au Yanga. Mama yangu akiulizwa binti yako siku hizi anafanya nini, anajibu "nesi". Nimeacha kumsahihisha.

Nilikotokea ni kliniki ya presha, kila Jumatano. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo nilimpima miezi saba mfululizo, na miezi yote saba mashine inasoma 160 na kitu juu ya 100. Kila akija namwambia kwa sauti ile ya kinesi mnayoijua: "Mama, chumvi! Si tulikubaliana?" Ananijibu "sawa mwanangu", anachukua dawa, anaondoka. Mwezi wa nane umeme ukakatika, foleni ikasimama, nikakaa naye kwenye benchi tukapiga soga. Nikamuuliza, hivi nyumbani kwako jikoni anaingia nani? Kumbe anayepika ni mkwe. Yeye tangu mwanawe aoe hajashika mwiko. Akisema mboga imezidi chumvi inageuka kesi ya mama na mke wa mwana, na yeye kesi hataki. Miezi saba nilikuwa namkemea mtu kwa chumvi ambayo hakuitia yeye.

Kama mlitaka maana ya kazi hii, ni hilo benchi. Daktari ameshasema presha ipo na dawa ni hizi. Mtu wa lishe ameshasema gramu ngapi. Kocha anakaa na mtu mpaka wajue chumvi inaingilia wapi, na wiki ijayo anampigia simu kuuliza imekwendaje.

Yule mama tulimaliza hivi. Nilimwomba aangalie pakiti ya chumvi ya nusu kilo inakaa siku ngapi. Nyumba ina watu wazima watano. WHO wanataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Watano ni gramu 25, kwa hiyo pakiti ya gramu 500 ingefika siku 20, na hapo hatujagusa chumvi iliyomo kwenye mkate. Kwao ilikuwa inaisha siku ya tisa au ya kumi. Mama akarudi nyumbani na hesabu mkononi, hakurudi na lawama, na aliyeshtuka kuliko wote ni mkwe, maana mumewe naye presha ilishaanza kumnyemelea. Chukueni hiyo hesabu, ni ya bure, naitumia mpaka leo.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi wenzangu wa sekta ya afya: unesi ulinichelewesha. Miaka tisa nimezoea kuamrisha. Wateja wangu wa kwanza walikuwa wanalipa mwezi mmoja wanapotea, nami nasema Watanzania hawapendi afya zao. Kumbe mimi ndiye nilikuwa mzigo. Nilikuja kupona niliposoma njia ya wanasaikolojia wawili, William Miller na Stephen Rollnick, inaitwa motivational interviewing, yaani kumuuliza mtu mpaka sababu za kubadilika azitoe mwenyewe. Miller aliandika kuihusu mara ya kwanza mwaka 1983, akitokea kwenye kazi yake na watu wenye tatizo la pombe, kisha mwaka 1991 wakaiandikia kitabu wote wawili. Mfugaji yeyote anaijua bila kitabu: mbuzi ukimvuta kamba anakita miguu. Mtu naye ukimsukuma aache soda, kazi yake inakuwa kuitetea soda.

Kwa hiyo nauliza. Mfano, mhasibu mmoja wa Posta anayeishi Kimara. Tulishakubaliana kutembea, akachagua mwenyewe kushuka mwendokasi kituo cha Fire amalizie kwa miguu, kama nusu saa. Nikamuuliza: kutoka 0 hadi 10, una uhakika kiasi gani kwamba kesho utashuka Fire? Akasema 4. Nesi angeuliza kwa nini si 10, angepewa jua, viatu, jasho, bosi. Mimi nikauliza kwa nini 4 na si 1. Akafikiri, akasema, "Si 1 kwa sababu asubuhi kabla ya saa mbili jua halijawaka, na viatu vya kubadilisha vinaweza kukaa ofisini." Ameshajipa mpango mwenyewe, mimi nimebaki kuandika. Siku tano za hivyo, akikaza mwendo kidogo, ni dakika 150, kiwango cha chini WHO wanachomtaka mtu mzima afikishe kwa wiki, na hajagusa jim.

Ulizeni, nipo.

Kijana wa Tandika:

Naweka kambi hapa. Dada umesema vizuri ila sehemu ya hela sijaiona.

Mzee wa Zege:

Chai hii. Yaani mtu mzima nilipe hela niambiwe nitembee? Bibi yangu aliniambia bure.

Nesi wa Zamani:

Mzee wangu, bibi alikuambia. Ulitembea?

Mzee wa Zege:

😂 Endelea tu na uzi wako.

Balozi wa Fursa:

Dada umeongea vizuri lakini unawachosha vijana. Kuna kampuni unapewa cheo cha kocha wa afya siku ya kwanza, unanunua kifurushi cha kuanzia tu, unaingiza watu wako watatu, bidhaa zinajiuza. Hakuna kusoma miaka. Mwenye nia njooni inboksi.

Nesi wa Zamani:

Balozi, afadhali umekuja, maana bila wewe uzi huu ungekuwa na pengo.

Vijana, wengi wanaojiita makocha wa afya mjini hapa ni wauzaji wa makopo ya unga wa lishe. Kuuza si dhambi, mimi mwenyewe niliuza nikiwa mwaka wa kwanza, nina kabati bado lina unga wa vanila umeganda kama saruji. Tatizo liko hapa: ukishakuwa na kopo la kuuza, kila mtu anayekaa mbele yako ugonjwa wake utafanana na kopo. Yule mama wa chumvi angekuja kwangu siku hizo ningemuuzia shake ya asubuhi, na chungu cha mkwe kingebaki vilevile.

Na wauzaji wanasema mambo ya kutisha. "Hii inatibu kisukari, achana na vidonge." Dawa husajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa, na vyakula tangu 2019 viko TBS, shirika la viwango. Bidhaa iliyosajiliwa kama chakula haina ruhusa ya kujitangaza kuwa inaponya ugonjwa. Ukiona kopo, geuza nyuma usome limesajiliwa kama nini. Muuzaji akikasirika kwa swali hilo, umeshapata jibu.

Balozi wa Fursa:

Wivu wa kike. Watu wanajenga nyumba kwa biashara hii.

Kijana wa Tandika:

Balozi nyumba yako iko wapi tuje kuiona?

(Hakurudi, nimesubiri.)

Daktari wa Zamu:

Nimesoma kimya ila niseme. Sisi wa wodini mnatuletea watu wameharibika. Mtu ana kisukari miaka kumi, amekutana na "kocha", amefunga siku saba za maji na limao, analetwa jasho linamtiririka, hajui jina lake. Mnafundishwa wapi hayo? Na nani anawasajili?

Nesi wa Zamani:

Daktari, hilo la mwisho nalijibu kwanza: hapa kwetu muuguzi ana baraza lake, daktari ana lake, hata mganga wa tiba asili ana baraza kwa sheria ya 2002. Kocha hana. Kesho fundi viatu akiamka anajiita kocha hakuna wa kumgusa, mpaka pale atakapoandika dawa au kujiita daktari.

La kwanza, nitasema ukweli ulionipa aibu. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na mteja mstaafu, ana kisukari, anatumia glibenclamide. Mzee akanipigia kwa furaha: "Nesi, siku hizi usiku sili kabisa, kilo tatu zimetoka!" Nikampongeza. Nesi mzima, ninayejua kwamba kidonge kile kinalazimisha kongosho kutoa insulini, mtu awe amekula au hajala. Wiki hiyohiyo saa tisa usiku mkewe akamkuta amelowa jasho anaongea maneno yasiyoeleweka. Walikuwa na kipimo nyumbani, sukari 2.7 (mmol/L). Chini ya 3.9 ni tatizo tayari. Alikuwa bado anaweza kumeza, mkewe akamnywesha maji ya sukari, wakamkimbiza hospitali na wakamlaza, kwa sababu dawa ile inakaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena hata baada ya kupanda. Alipona. Mimi sikulala siku kadhaa.

Tangu hapo kila mteja anajaza karatasi moja kabla hatujaongea lolote. Dawa zote anazotumia, ana mimba au la, ana tatizo la figo au la, kifua kinamuuma akipanda ngazi au la. Anayetumia vidonge vya kushusha sukari au insulini hagusi mpangilio wa milo kabla daktari wake hajajua, na barua naandika mimi mwenyewe, mteja anaipeleka. Ramadhani ndiyo natuma barua nyingi kuliko wakati wowote, na natuma Shaabani haijaisha, si siku ya kuandama mwezi.

Daktari wa Zamu:

Hapo nimekuelewa. Hizo barua, walau mimi nikiipata naisoma.

Binti wa Moro:

Dada shikamoo. Mimi nina cheti cha form six, sina historia ya afya kabisa, nimesoma HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) 🙈. Nafasi yangu ipo au niache?

Nesi wa Zamani:

Marahaba mdogo wangu. Wa HKL mna faida moja, hamjazoea kuamrisha wagonjwa.

Uko Morogoro, hapo jirani yako SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, kuna shahada ya lishe ya binadamu. Masomo yako hayakuingizi moja kwa moja kwenye kozi ya sayansi, kaulize njia zake, usiniamini mimi. Ukitaka kumwandikia mtu mgonjwa mlo wa wiki, hakuna njia ya mkato, soma lishe. Ukitaka ukocha wenyewe, yaani kusikiliza, kupanga naye, kumfuatilia, hiyo unaweza kujifunza kwa kozi za mtandaoni zenye mwalimu anayekusikiliza ukifanya. Sisitizo: anayekusikiliza. Kozi ya video ishirini na cheti cha PDF mwishoni ni sawa na kujifunza kuogelea kitandani.

Shirika kubwa la makocha duniani ni ICF, lilianza 1995. Cheti chao cha ngazi ya kwanza, ACC, kinataka masaa 60 ya mafunzo na masaa 100 ya kufanya kazi yenyewe na watu. Si cha afya, ni cha ukocha kwa jumla, lakini nidhamu yake ndiyo iliyoninyoosha.

Kabla hujalipa hata senti: tafuta watu watano wakukubalie bure kwa wiki nane. Usichukue marafiki, watakudanganya. Chukua mama lishe, konda, mwalimu wako wa zamani. Kila wiki nusu saa. Jirekodi kwa ruhusa yao, usikilize usiku uhesabu dakika ulizoongea wewe. Mimi mara ya kwanza kati ya dakika 30 niliongea 22. Nilitamani kuzima simu.

Mbeba Boksi:

Niko Marekani miaka 11, naongezea tu. Huku kuna NBHWC, wanaendesha mtihani wa taifa wa makocha wa afya pamoja na bodi ileile inayotunga mitihani ya madaktari, ulianza 2017. Unatakiwa umalize kozi waliyoiidhinisha, uwe na kumbukumbu za vikao 50 ulivyofanya, na uwe na walau shahada ya miaka miwili au masaa 4,000 ya kazi yoyote. Mke wangu alipita hapo. Vikao 50 ndivyo vilivyomtoa jasho, mtihani hakuulalamikia.

Mswahili wa Mvita:

Ndugu zangu wa Bara, mkija huku Kenya muangalie sana. Ukocha haujafungwa, lakini neno "nutritionist" na "dietician" lina mwenyewe. Kuna sheria ya mwaka 2007 na taasisi yake KNDI, hujasajiliwa hujiiti hivyo. Mimi nilikuwa nimebandika kibao mlangoni Old Town, akaja mtu akanambia kaka, kiondoe hicho kabla hujaondolewa wewe. Nikakiondoa jioni ileile, nikaandika "kocha wa mtindo wa maisha". Wateja hawakupungua hata mmoja, maana hakuna aliyekuwa akikisoma.

Kijana wa Tandika:

HELA jamani. Nimesubiri toka asubuhi.

Nesi wa Zamani:

Haya Tandika, usije ukalia.

Mtu mmoja mmoja: wiki 12 natoza 240,000, simu ya nusu saa kila wiki. Kwa mwezi siwezi kubeba zaidi ya watu 15 bila kuanza kusahau majina ya watoto wao, na kwenye kazi hii ukisahau jina la mtoto umemaliza. Piga hesabu mwenyewe: 15 ni 1,200,000 kwa mwezi wakilipa wote, na hawalipi wote. Januari wanajaa, Machi wanapukutika, na mwezi wa ada za shule usitegemee mtu. Mwaka wa kwanza nzima sikufikisha nusu ya mshahara wangu wa unesi. Nilikuwa nachukua zamu za usiku za kushikiza.

Vikundi ndivyo vilivyoniokoa. Nina kikundi cha wanawake 18 wa VICOBA, wale wa kuweka na kukopa, tunakutana Jumamosi mbili kwa mwezi baada ya kuhesabu hisa zao. Wanalipa 10,000 kila mmoja kwa mkutano. Nawapima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Mwanamke akivuka sentimeta 80 tunaanza kuangaliana, akivuka 88 tunaongea. Wanabanana wenyewe kwa wenyewe kuliko nitakavyowabana mimi. Kuna mmoja alikuwa anakunywa soda mbili kwa siku dukani kwake. Nilichofanya ni kumwaga sukari mezani vijiko tisa, ndiyo kama iliyomo kwenye chupa moja ya cola ya mililita 350. Nilinyamaza, wenzake ndio walioongea.

Pesa nzito iko maofisini. Kampuni moja ya hapa mjini ilinipa wafanyakazi 60 kwa miezi sita. Mkataba ulikuwa mtamu mpaka afisa utumishi aliponiomba, kwa upole kabisa, orodha ya majina ya wenye sukari na presha "ili tuwasaidie". Nikakataa. Taarifa za afya za mtu ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo sheria, wale watu waliniambia mimi, hawakumwambia bosi. Niliwapa namba tu: wangapi walianza wakiwa juu ya 140/90, wangapi walimaliza chini. Mkataba haukuongezwa. Uliniuma, nisidanganye, ile ilikuwa kodi ya nyumba ya mwaka. Siku hizi kipengele hicho naandika ukurasa wa kwanza, anayekikataa tunaagana kabla ya chai.

Vifaa: mashine ya presha ya mkono wa juu (ile ya kifundo cha mkono achana nayo), mzani, futi, daftari. Jina la biashara BRELA, TIN ya TRA. Mabango, fulana na picha za misuli si vya kuanzia.

Binti wa Moro:

Na akishindwa kupungua je? Anadai hela yake?

Nesi wa Zamani:

Siahidi kilo. Anayeniambia "nataka kutoa kilo kumi kabla ya harusi" namwelekeza kwa wengine, wapo wengi na wana mabango. Namwahidi kwamba nitapiga simu kila Jumanne saa moja jioni, na napiga. Kuna dada mmoja wiki 12 hakutoa hata kilo moja, ila alianza kupata masaa sita ya usingizi kwa usiku kutoka matatu, akaacha kumpigia kelele mwanawe. Akalipia wiki 12 nyingine. Kuna mwingine alitoa kilo saba akanuna kwamba ni chache. Sijui nikuambieje, utakutana nao wote.

Mzee wa Zege:

Nesi, nimerudi, ila msicheke. Jirani ana mashine, jana nikaazima kwa utani tu baada ya kusoma hapa. 168/104. Nikarudia 165/102. Kesho asubuhi nianze kukimbia?

Nesi wa Zamani:

Sicheki mzee wangu. Usikimbie kwanza. Je, kifua kinabana, kichwa kinagonga kwa nguvu, macho yana ukungu, mkono au mguu una ganzi? Kimojawapo kikiwepo, ni hospitali saa hii hii, usingoje kuche.

Mzee wa Zege:

Hamna. Niko sawa kabisa, ndiyo kinachonishangaza.

Nesi wa Zamani:

Ndivyo ilivyo, haibishi hodi. Kesho nenda kituo cha afya cha karibu. Nusu saa kabla ya kipimo usinywe kahawa, usivute sigara. Ukifika kaa dakika tano umeegemea kiti, miguu chini usiikunje nne, mkono uwe mezani usawa wa moyo, na usiongee wakati mashine inajaza. Wakikuambia urudi siku nyingine kupima tena, rudi, ndivyo wanavyothibitisha. Dawa wakikupa, meza. Mimi njoo kwangu baadaye, na chipsi mayai, hilo zege lako, tutaziongelea siku hiyo, leo ziache.

Mzee wa Zege:

Niache zege kweli?

Nesi wa Zamani:

Kweli. Nani anakukaangia?

Mzee wa Zege:

Kijana wa kibandani hapo nje. Anaijua order yangu hata nisipoongea.

Nesi wa Zamani:

Kumbe tunaanza na yeye. Chumvi anatia yeye au unatia wewe?